Fowadi Aliyemwamkia Senta

Kosa langu la mwanzo, na mengine yote ni watoto wake, ni kwamba nilijifunza mpira wa kikapu bila sauti. Spika ya simu yangu ilikuwa imekufa, na zile za masikioni zilikuwa mali ya dada yangu, ambaye hakopeshi. Kwa hiyo nilitazama video za mafundisho kimya kimya kwa miaka, nikisimamisha, nikirudisha nyuma, nikiiga mguu, nikiiga kiwiko, kisha nikaenda uwanja wa shule ya msingi kurudia hatua ile ile mpaka mlinzi aje kunifukuza. Nilijua kila kidole kinakaa wapi. Sikujua kwamba wale watu kwenye video walikuwa wanaongea. Nilidhani wanatafuna bigijii.

Naanza na hilo kwa sababu mmeniuliza kilichotokea Landani, na kila nikitaka kujibu kwenye grupu narekodi sauti, naisikiliza, naifuta. Sasa naandika mara moja, mnaotaka kucheka mcheke. Habari za viza naziruka; aliyewahi kuomba anazijua, na asiyewahi tumwache na furaha yake. Itoshe kusema kwamba chuo kimoja cha Landani kilikuwa na nafasi moja ya fowadi, na atakayeipata anasomeshwa bure. Kocha wao aliona video zangu akasema nije nijaribiwe wiki mbili, kisha angechagua. Mnanijua: fowadi wa chuo chetu hapa Tanga, timu ya watu tisa tukimhesabu na yule mwenye goti bovu. Tangu siku niliyopata habari hizo nilikuwa nikikata kucha asubuhi na jioni, kama kwamba zingeota njiani na kuniharibia maisha.

Tanga hadi Dar

Basi halikutengenezwa kwa mtu wa kimo changu. Magoti yalikuwa karibu na kidevu na juu ya magoti nilikuwa nimeupakata mpira wangu, maana buti ya basi siiamini. Muheza akapanda mama mmoja mwenye kapu la machungwa. Alitazama kiti, akanitazama mimi, akalisukuma kapu katikati ya miguu yangu bila kuniuliza.

"Mwanangu," akasema, "miguu hii ingekuwa yangu, ningechuma machungwa bila ngazi."

Akauliza nacheza nini. Nikamwambia mpira wa kikapu. Mimi nikiulizwa kitu hujibu kikamilifu, kwa hiyo nilimweleza kanuni zote, toka Muheza hadi Segera. Alisikiliza kwa utulivu kabisa.

"Kwa hiyo kikapu hakina chini," akasema mwishoni.

"Hakina, mama."

"Mnatia, unaanguka, mnatia tena."

"Ndiyo."

"Na kuna watu wanakwenda Ulaya kwa ajili hiyo." Akageuka dirishani kama mtu aliyepewa habari za msiba wa jirani.

Mbele ya Segera mkanda wa injini ukakatika. Tulishuka wote tukakaa kando ya barabara, na mama yule akaanza kumenya machungwa na kugawa kama mwenye shughuli. Watu wakapiga soga. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni nikirudia moyoni salamu ya Kiingereza nitakayompa kocha, sentensi tatu, nikibadilisha ya pili. Maji ya chungwa yakadondokea mpira. Nikachukua maji yangu ya kunywa nikauosha, nikaukausha kwa fulana, nikaunusa, nikauosha tena.

"Njooni muone," mama akawaita wenzake, "huyu anaogesha mpira! Mwanangu, na mafuta utaupaka?"

Dar nilifika na kiu.

Kungoja Uarabuni

Ndege ya pili ilichelewa kwa sababu ya vumbi. Tulilazwa kwenye viti vya uwanja wa ndege, kisha wakatangaza kwamba abiria tuliokwama tutapewa chakula. Nikapanga foleni mapema, nikawa mtu wa nne. Nyuma yangu akaja bibi mmoja na fimbo, nikampisha. Akaja mzee na mkewe, nikawapisha. Walipokuja mama na watoto ilikuwa haiwezekani kutowapisha. Nilipofika mezani sufuria la wali lilikuwa limebaki ukoko na zabibu kavu mbili.

Muuguzi mmoja Mkenya, mwanamke wa umri wa mama yangu aliyekuwa akirudi kazini Landani, alikuwa ameniangalia toka mwanzo huku akila.

"Kijana, kuja hapa. Umekula?"

"Nimeshiba, mama. Asante."

"Umeshiba nini? Nimekuona ukipisha watu mpaka nikadhani unafanya kazi hapa." Akanigawia nusu ya kuku wake kwenye kifuniko. "Wewe umepewa mwili wa kusukuma watu, na roho ya kuwafungulia mlango. Huko tunaenda, usingoje kuulizwa. Ukingoja kuulizwa utazeekea hapo kwa mlango."

Nilimshukuru. Nilidhani anazungumzia chakula.

Uwanja wa ndege hadi Neasden

Nilipokewa na Mama mdogo Mwanaidi, mdogo wake mama, aliyetoka moja kwa moja kwenye shifti ya usiku akiwa bado na sare yake. Kazi yake ni kuwahudumia wazee majumbani mwao: kuwaogesha, kuwalisha, kuwasikiliza. Alinikumbatia kiunoni, ndipo anapofika, akaniuliza kama mama bado anasumbuliwa na mgongo, akalala amesimama ndani ya treni kabla sijamjibu.

Nilitazama huku na huku. Behewa lilikuwa limejaa na hakuna aliyesema neno. Kwenye basi la kutoka stesheni ilikuwa hivyo hivyo. Mtu alikanyagwa, akaomba radhi kwa aliyemkanyaga, kimya kikarudi. Nikajiambia: kumbe huku ndiko kwetu. Mji mzima unacheza kama mimi. Tulipolipita hekalu kubwa jeupe la Wahindu pale Neasden, anakoishi Mama mdogo, nilikuwa nimeshajiona nakaa miaka mitatu.

Jumamosi Mama mdogo alinipeleka Kingsbury, mtaa wa jirani, kununua mihogo. Duka lilikuwa la bibi mmoja wa Kigujarati, mdogo kama kiganja, amevaa sweta mbili juu ya sari. Niliinua muhogo mmoja, nikauchunguza kama ninavyochunguza kila kitu, nikamnong'oneza Mama mdogo kwamba huu ni mkongwe.

"Muhogo wangu ndio mkongwe?" bibi akasema kwa Kiswahili safi, bila kuinua kichwa. "Na mimi je? Mimi nimezaliwa Tanga, Ngamiani, mama yako hajaota meno."

Nilitamani sakafu ifunguke. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mume wangu. Mbona umerefuka hivi? Nitakupikia kwa sufuria gani?"

"Na wewe bibi mbona umekuwa mfupi? Mvua za huku zimekurudisha kama nguo?"

Duka zima likacheka, yeye zaidi ya wote. Anaitwa Bi Kanta. Alituongezea pilipili, akaniambia nikioa mwanamke mwingine atanidai mihogo yake. Niliondoka pale nimenyooka, bila hata kujiuliza kama nimesema vizuri. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Tanga.

Ukumbi wa chuo

Kocha anaitwa Doreen. Ni mwanamke mfupi, wazazi wake watu wa Jamaika, na sauti yake ingetosha watu wawili wakubwa. Nilimpa ile salamu yangu ya sentensi tatu. Akasikiliza moja.

"Vizuri. Vaa viatu."

Kwenye benchi alikuwa amekaa mwanamume mwenye kipara na mvi chache kidevuni, akijifunga bandeji gotini na kuilaani kwa Kiswahili. Nikajua pale pale ni mtu wa visiwani, na ni mkubwa wangu. Mdomo ukajifungua wenyewe.

"Shikamoo."

Aliinua kichwa taratibu. "Marahaba, mwanangu! Wa wapi weye?"

"Tanga."

"Loo! Mimi Pemba. Basi sisi majirani, maji tu yametutenga. Miaka yote niliyocheza hapa hakuna aliyewahi kuniamkia. Hawa wananiita Hams."

Huyo ndiye Mzee Hamadi, senta wa timu. Alifika Landani kijana, akaendesha mabasi miaka mingi, kisha akaamua kurudi shule kusomea tiba ya viungo. Na kwa kuwa kanuni zao hazikutaja umri, kocha alimwona anavyoinama kupita mlangoni akamwandikisha siku hiyo hiyo. Nilimbebea mkoba. Hakuniomba, lakini hakunikataza pia.

Kwenye mitupo ya mtu mmoja mmoja sikukosa kitu. Kocha alitikisa kichwa kwa kuridhika. Halafu akatugawa tucheze watano kwa watano, na safari yangu ya kweli ikaanzia hapo.

Kwa wasiocheza, nieleze jambo moja tu. Senta anapomkaba mtu wake, mara nyingi mpinzani mwingine huja kimya kimya na kusimama ubavuni mwake kama mlingoti, ili senta akigeuka ajigonge. Tunaita skrini. Senta haioni, fowadi aliye nyuma yake ndiye macho yake. Kazi ya fowadi ni kupiga kelele: kulia! kushoto!

Niliiona skrini ya kwanza inakuja. Niliiona mapema kuliko mtu yeyote ukumbini. Nikasema, "Mzee Hamadi, samahani, naona upande wako wa ku—"

Kishindo kilisikika hadi mapokezi. Mzee Hamadi alikuwa chali sakafuni akitazama taa.

"Ulikuwa unasema nini, mwanangu?"

Kocha akapuliza filimbi. "Wewe! Ulimwona yule?"

"Nilimwona."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nasema."

"Ulifika wapi?"

"Nilikuwa nimeshapita kwenye samahani."

Akaishusha filimbi. "Kwenu mnacheza kwa barua?"

Mshindani wangu wa nafasi hiyo alikuwa Jerome, kijana wa Croydon. Jerome alikosa vikapu ambavyo Bi Kanta angevitia na sweta zake mbili, lakini aliongea. Kulia! Nyuma yako! Niko na wewe! Vizuri sana! Aliongea na waliomsikia na wasiomsikia. Nilimsikia akiuambia mpira asante. Nilimdharau, tena kimya kimya, kama ninavyofanya mambo yangu yote.

Wiki ya kwanza iliisha hivyo. Nilijaribu kufupisha. "Mzee Hamadi, kulia" bado ni ndefu. Skrini haingoji cheo. "Hamadi!" peke yake haikutoka. Nilijizoeza kuitamka bafuni kwa Mama mdogo maji yakiwa yanatiririka, na hata huko niliionea aibu sabuni.

Kwenye chumba cha kubadilishia nguo Mzee Hamadi akainua fulana akanionyesha mbavu. Zilikuwa na rangi za machweo.

"Idrisa mwanangu, adabu yako itaniua. Niite jina, basi. Sema 'we!' inatosha."

"Siwezi, mzee. Hata bafuni imenishinda."

"Mimi nina mke. Kila usiku ananiuliza nani ananipiga."

Pilau ya Jumapili

Mama mdogo aliposikia kwamba kuna Mpemba anaumizwa kwa ajili yangu alisema aletwe ale. Akaja na tende, amevaa koti zuri, akakaa kwa tahadhari upande mmoja. Pilau ikaja, na kachumbari, na ndizi. Nikaona ndiyo nafasi. Nikaeleza shida yangu mbele ya wote wawili, nikamwomba Mama mdogo ruhusa ya kumwita Mzee Hamadi kwa jina tupu, uwanjani tu.

"Umwite mtu mzima 'we Hamadi' mbele ya Wazungu?" Kijiko kikasimama hewani. "Mama yako akinipigia nimwambie nini? Kwamba nimempokea mtoto ana adabu, nimemrudisha hana?"

"Dada, mchezo tu huo," Mzee Hamadi akasema kwa upole.

"Ulimi hauna uwanja, kaka yangu. Ukizoea ndani, utatoka nao nje."

Nikamwambia yote. Kwamba nafasi ni moja. Kwamba mechi ya kupimwa ni Jumatano, ugenini kwa chuo kingine, na baada yake kocha anachagua. Kwamba nikikaa kimya inakwenda kwa Jerome, na mimi narudi Tanga kwenye timu ya watu tisa. Pilau ikanipalia, sikuweza hata kulia vizuri.

Mama mdogo aliinuka. Alinipiga mgongo mpaka nikapumua. Kisha akasema, kama anayejiuliza, "Mbona yule Bi Kanta ulimjibu upesi vile? Ulimwambia kafupishwa na mvua."

"Yule ni bibi, Mama mdogo. Bibi na mjukuu ni watani."

 Halafu taratibu, wote wawili, tukageuka tukamtazama Mzee Hamadi.

"Hapana," akasema.

"Hatujasema kitu," Mama mdogo akamjibu.

"Naona mnavyonitazama. Mimi nina miaka thelathini na tisa!"

"Kwani babu ni miaka? Babu ni daraja. Baba huamkiwa, babu hutaniwa. Mjukuu akimwambia babu yake kaishiwa meno, hakuna dhambi wala mama wa kupigiwa simu."

"Mwanangu mkubwa yuko darasa la nne, dada!"

"Hongera. Umepata mjukuu kabla ya mkwe. Wenzako wanaomba."

Mzee Hamadi aliweka mkono ubavuni, akajaribu kuvuta pumzi, akakunja uso. Akatazama pilau. "Haya," akasema kama anayetia saini. "Jaribu. Lakini kidogo."

Nikasogeza sahani. "Babu," nikasema, "sogeza hiyo nyama huku. Meno yenyewe unayo ya kuitafunia?"

Mama mdogo alikaa chini sakafuni kwa kicheko. Mzee Hamadi alinitazama bila kupepesa.

"Mjukuu gani huyu," akasema, "mrefu kama mnara wa simu, na mtandao hana."

Kwenda mashariki mwa jiji

Jumatano treni ilisimama ndani ya handaki. Dereva akatangaza kitu, watu wote wakatazama juu kama kwamba sababu imeandikwa darini, wakashusha macho. Tulikaa humo hadi Jerome mwenyewe akaishiwa maneno. Tulifika tumechelewa, tukaingia uwanjani bila kupasha misuli. Mama mdogo alikuwa ameomba ruhusa kazini. Nilimwona amekaa mstari wa mbele na mkoba mapajani, kama aliyekuja kliniki.

Skrini ya kwanza ikaja.

"Babu, kushoto!"

Mzee Hamadi akaruka kushoto. Aliyekuja kumgonga akaigonga hewa. Nilisikia kitu kikifunguka kifuani mwangu, na bahati mbaya mimi nikianza kitu sijui kukiacha.

"Babu, kulia! Amka babu, huu si msikiti wa kusinzia! Nyuma babu! Mkabe huyo, achana na mkongojo!"

Na yeye hakubaki nyuma. "Nimemwona, mnara! Wewe nenda kachukue mpira, au unangoja bundi atue?"

Tulikuwa kama ukuta. Mipira iliyokosa kikapu niliikusanya yote, nikafunga, nikatoa pasi. Katikati ya kipindi cha pili nikapiga kelele kwamba babu amechoka, arudishwe kijijini. Filimbi ikalia.

Refa, mwanamume wa makamo mwenye mashavu yaliyojaa, akanijia. Akazungumza Kiswahili cha Nairobi.

"Kijana, kwa nini unamtukana huyu mzee hivyo? Nimekuvumilia."

"Samahani. Ni babu yangu."

Akamgeukia Mzee Hamadi. "Wewe ni babu yake? Uko na miaka ngapi?"

Mzee Hamadi ni mtu mkweli. "Thelathini na tisa," akasema.

Nikapewa faulo ya kiufundi, ya utovu wa nidhamu kwa mchezaji mwenzangu. Kocha Doreen alikuja mbio ukingoni kuuliza kosa ni nini. Nilijaribu kumfafanulia kwa Kiingereza. Nilifika kwenye daraja la babu nikakwama. Mama mdogo alikuwa amesimama na mkoba akimwambia refa kwamba kwao Kenya hawana mila.

Tulishinda. Kwa tofauti ndogo, lakini tulishinda, na mbavu za Mzee Hamadi zilirudi nyumbani kama zilivyotoka. Sikungoja kuoga. Niliandika kwenye grupu neno moja, "Tayari", na nikampigia mama. Mama akawaambia majirani. Mnajua majirani zetu.

Mgahawa wa chuo

Kesho yake Kocha Doreen aliniketisha mezani akaninunulia chai.

"Jana umecheza vizuri kuliko Jerome," akasema.

"Asante."

"Nafasi nimempa Jerome."

Chai ilikuwa ya moto, nikainywa yote kwa mkupuo. Sikujua jambo lingine la kufanya. Nikauliza kama ni kwa ajili ya ile faulo.

"Faulo? Hata. Nimecheka mpaka leo, na sijui kwa nini. Nilikuwa nakusikiliza. Uliongea na mtu mmoja. Kipindi cha tatu Hams alipumzika benchi. Unakumbuka ulisema nini?"

Nilifikiri. Nilikumbuka kila mtupo wa kipindi kile, na mguu niliotangulia nao.

"Hukusema neno," akasema. "Uwanjani mnakuwa watano. Yule mlinzi wetu mwenye nywele nyekundu, umecheza naye wiki mbili. Anaitwa nani?"

Nilijua anapenda kupitia kushoto. Nilijua akichoka bega lake la kulia linashuka, na kwamba hufunga kamba za viatu mara mbili kama mimi. Jina sikulijua. 

"Na wale wawili wengine?"

Sikujua.

Hakunisema zaidi. Alisogeza sahani ya biskuti upande wangu, na huo ndio ukawa mwisho wa kazi yangu Landani.

Nimelifikiri jambo hili toka siku ile, na nitawaambia ninavyoona. Mimi nilikuwa nikisema tatizo ni adabu. Ni kisingizio kizuri, hakuna Mswahili atakayekulaumu kwa adabu. Lakini yule mwenye nywele nyekundu ni mdogo wangu. Hakuna adabu iliyonizuia kumwambia "kulia". Nilimwamkia Mzee Hamadi siku ya kwanza kwa sababu shikamoo ndiyo sentensi pekee niliyokuwa na hakika haiwezi kukosewa. Inajibiwa kwa neno moja, nalo linajulikana. Wengine sikuwa na sentensi ya namna hiyo ya kuwapa, na kuliko kuwapa mbovu, sikuwapa kitu. Tena nilijiona mnyenyekevu.

Landani hadi Tanga

Siku ya safari ikafika. Asubuhi Mama mdogo alinifungia kilo mbili za vitu vya mama na akanishikilia kiunoni muda mrefu kuliko siku ya kwanza. "Nitamwambia mama yako adabu unazo," akasema. "Hizo hukuzipoteza. Basi jamani, hata hilo si haba."

Mzee Hamadi alinisindikiza kwa basi hadi uwanja wa ndege, kwa mazoea akakaa nyuma ya dereva na kumkosoa njia nzima. Alikataa nimbebee chochote. Tulipofika aliniuliza nitamwambiaje mama.

"Sijui, babu."

"Sema, 'Mama, sikupata.' Maneno mawili tu."

"Hayo tu?"

"Ukiongeza la tatu utaanza kuomba radhi."

Nilimwambia mama hivyo hivyo, mlangoni, hata begi sijalitua. Alisema, "Haya, ingia ule," na majirani wakaambiwa na wao, na kwa siku kadhaa kila niliyekutana naye barabarani alinipa pole kama niliyefiwa. Sasa wamesahau, kuna harusi.

Kwa hiyo hivi ndivyo mambo yalivyo. Nafasi ile anayo Jerome, na nasikia anacheza vizuri. Mimi bado ni fowadi wa chuo chetu, na hakuna chuo kingine kilichonitafuta. Najua majina ya wachezaji wenzangu wote na kwao ni wapi. Nikiwa uwanjani naongea na wote wanne, tangu filimbi ya kwanza hadi ya mwisho. Juzi nilipiga kelele kushoto wakati ilikuwa kulia, tukafungwa kikapu, na nikaendelea kuongea.